Tulivyokwenda Uganda Kumtafuta Baba Mkubwa

Mwezi uliopita nilikwenda Chanika kuangalia kiwanja changu, maana kiwanja cha Chanika usipokitembelea kinaota mmiliki mwingine. Jirani na pale wanajenga baa, na mafundi walikuwa wanaezeka kibanda cha wateja kwa nyasi. Lori lilikuwa limemwaga mzigo mzima barabarani. Nilipopita ile harufu ikanikamata: nyasi kavu nyingi zilizolundikwa pamoja, vumbi, na kautamu fulani kanakokaa nyuma ya koo. Nikasimama kama niliyesahau kitu. Fundi mmoja akaniita kutoka juu, "Vipi sista, na wewe tukuezekee?" Nikatikisa kichwa nikaondoka. Ningemwelezaje kwamba harufu ile ilikuwa imenirudisha chini ya paa la wafalme wa Buganda, nimekunja miguu, na Bibi yangu kanishika mkono mpaka unauma?

Nyumba yetu ilikuwa Gongo la Mboto, upande ule ambao asubuhi mnaamshwa na askari wa kambini wanaokimbia huku wanaimba. Wa rika langu waliokulia huko hawahitaji kuelezwa. Nyimbo za jeshi tulizijua kabla ya nyimbo za kanisani, na vita vya Uganda, ambavyo vilikwisha kabla hatujazaliwa, tulivipigana upya kila jioni uwanjani, tukigombana nani awe adui. Mie sikuwahi kupangwa kuwa adui kwa sababu Baba Mkubwa wangu, Deo, kaka yake Baba, alikwenda vitani na alikuwa hajarudi. Ndivyo ilivyosemwa kwetu: hajarudi. Wapo wenzangu waliokuwa na makaburi ya kufagia kila Novemba. Mie nilikuwa na mtu wa kurudi, na nilijiona nimewazidi wote.

Mle ndani tulikuwa watano. Baba alikuwa mwalimu wa historia, mtu ambaye hata ukimwomba chumvi anaanzia na misafara ya zamani. Mama alikuwa nesi, anaingia zamu tunapolala na analala tunapoamka. Bibi, mama yake Baba, aliletwa kutoka Bukoba kwa ajili ya macho, hospitali ikamwambia amechelewa, na yeye akabaki nasi akiona vivuli tu. Na Mama Mkubwa, mke wa huyo ambaye hajarudi. Ndiye aliyenilea. Ndiye aliyenisuka, aliyenipima maji ya kuoga kwa kiwiko, aliyenifuta kamasi kwa pindo la kanga yake na kusema, "Mtoto mzuri, pua ya nani hii?" Aliishi na mume wake miezi tu kabla mwito wa jeshi haujaja. Nilipofikia umri wa kuyashika maneno ya watu wazima, yeye alikuwa bado kijana, na mimi sikulijua hilo. Mtoto humwona mtu mzima kama jiwe, liko tu.

Jumapili baada ya misa alikuwa anakuja fundi seremala mmoja wa Segerea, Bwana Elias. Anakuja kutengeneza vitu ambavyo havijaharibika. Alitengeneza mlango wa jiko, akatengeneza kiti, akatengeneza mlango wa jiko tena. Mama Mkubwa alikuwa anampelekea chai na kukaa mbali naye, lakini siku hizo alivaa gauni la bluu. Baba alimpenda sana Bwana Elias. Bibi hakuwahi kuitikia shikamoo yake.

Siku moja nilikuwa uani nikawasikia Baba na Bibi wakibishana dirishani. Lazima niseme kwanza desturi yetu, maana bila hiyo ugomvi wao hauna maana. Kwetu Bukoba, mtu akifia mahali ambapo mwili haupatikani, akafa maji ziwani au akapotelea nchi ya mbali, ndugu hukata mgomba. Huuvisha sanda, wakaulaza kaburini kama mtu, wakalia, wakakaa matanga. Hapo ndipo amekufa. Kabla ya hapo hajafa, na mkewe si mjane. Ni mke wa mtu.

"Mama, tumzike Deo," Baba alikuwa anasema. "Huyu mwanamke tunamwonea. Kuna mtu yuko tayari kumchukua."

"Nimzike mtoto wangu, umeona maiti yake?"

"Wenzake wote walirudi. Wengine wameshaacha jeshi. Wana watoto wa shule."

"Wangu hajarudi. Siku nikipaona mahali alipoangukia, nitakubali. Siku hiyo mkate mgomba, na yeye aende zake Segerea."

Hapo ndipo nilipoelewa mambo vibaya kabisa. Kwetu Segerea ilikuwa na maana moja tu. Mtu akiiba kuku, akimpiga mjumbe ngumi, watu wanasema huyo anakwenda Segerea. Kumbe Baba Mkubwa akizikwa, Mama Mkubwa anafungwa gerezani. Sikumwuliza mtu. Niliingia ndani nikamkuta anachambua mchele, nikajibanza ubavuni kwake mpaka akanipima homa. Kuanzia siku hiyo nilikuwa na kazi moja duniani, nayo ni kuhakikisha Baba Mkubwa anapatikana akiwa mzima.

Kwa hiyo Baba aliposema likizo tunakwenda Uganda kumwonyesha Bibi hiyo sehemu, na Bibi akasema mimi niwe macho yake, niliona Mungu ni mwema. Rafiki mmoja wa Baba Mkubwa, mwanajeshi aliyekaa mtaa wa nyuma, alikuwa amemweleza Baba mahali walipomwona mara ya mwisho: kwenye kinamasi, karibu na mji mdogo unaoitwa Lukaya, usiku waliposhambuliwa wakatawanyika. Mama Mkubwa alishona kimfuko cha kitambaa cheupe, akakipiga pasi, akampa Baba. Kilikuwa cha kuletea udongo. Mimi nikadhani ni cha Baba Mkubwa kuwekea nguo.

Tulipanda treni hadi Mwanza, tukapanda meli hadi Bukoba, halafu basi. Baba alifundisha njia nzima. Hapa darajani Kyaka adui alifanya hivi, pale mpakani Mutukula sisi tukafanya vile, mpaka abiria mmoja akamwomba kwa heshima apumzike. Bibi alikaa dirishani bila kuona kitu, na kila baada ya muda akaniuliza, "Nini sasa?" Nikamwambia, "Ng'ombe, Bibi." Au, "Nyumba haina paa." Baada ya mpaka, nyumba zisizo na paa zilikuwa nyingi.

Masaka tuliingia mgahawani. Baba akaagiza ndizi na nyama kwa Kiswahili chake cha darasani, fasaha kabisa. Watu wa meza ya jirani walichukua sahani zao wakahamia nje juani. Mama mwenye mgahawa alibaki amesimama na mwiko, bila kutuangalia. Nilinusa gauni langu, nikidhani labda nimenuka samaki wa melini. Bibi ndiye aliyefahamu. Akaanza kuzungumza Kihaya, polepole, na yule mama akageuka, kwa sababu lugha zao zinasikilizana kama ndugu wa mama mbalimbali. Akaja akakaa nasi.

"Anasemaje?" Baba akauliza.

"Anasema hapa Kiswahili kililetwa na wenye bunduki," Bibi akasema. "Kwanza wa kwao, halafu wa kwetu. Mtu akisikia Kiswahili usiku, alikuwa anatoka mlango wa nyuma."

Yule mama alinyoosha mwiko ng'ambo ya barabara. Palikuwa na ukuta mmoja umesimama, una dirisha, na kupitia dirisha unaona mawingu. Bibi akasikiliza, akatafsiri: ilikuwa nyumba ya kaka yake, mizinga ya kutoka upande wetu iliipiga, na kaka yake hakuwa ametoka.

Baba akaweka kijiko chini. "Mwambie tulikuja kuwakomboa."

Bibi alimwambia. Yule mama akamtazama Baba, akasema neno moja fupi, akarudi jikoni.

"Kasemaje?"

"Kasema asante," Bibi akasema, akaendelea kula.

Leo siamini kwamba alisema asante. Siku ile niliamini, na nilishangaa kwa nini Baba hakumaliza nyama yake. Katika michezo yetu ya Gongo la Mboto hatukuwahi kumpanga mtu kuwa mwenye nyumba. Kulikuwa na sisi na adui, basi. Nilitazama lile dirisha lenye mawingu na kwa mara ya kwanza nikaogopa kwamba huenda Baba Mkubwa amejificha kwa aibu.

Kinamasi cha Lukaya kilitupokea siku iliyofuata kwa mvua nyembamba. Barabara imepita katikati, na pande zote mbili ni mafunjo, marefu kumpita Baba, yanasuguana kwa sauti ya watu wanaonong'ona. Maji chini ni meusi. Bibi akanishika bega. "Niambie kila kitu." Nikamwambia majani, maji, ndege mweupe, majani tena. Nilikuwa natafuta mtu. Nilijua lazima atakuwa na nywele ndefu sana, na nilijiandaa kutomwogopa.

Tulikutana na mzee anayefyatua matofali ukingoni. Alikuwa anajua Kiswahili, kibovu, na alikizungumza akitazama pembeni. Baba alimweleza shida yetu. Yule mzee hakushangaa. Alituambia kwamba akichimba udongo wa matofali huwa anapata vitu: maganda ya risasi, buti, taya. Zamani alikuwa anapiga kelele. Siku hizi anakusanya tu, anafukia pale penye kichaka cha maua, anaendelea na kazi.

"Ni watu gani hao?" Baba akauliza.

"Sijui mimi. Walibya walikuja kusaidia wetu, walikufa hapa. Wetu walikufa. Nyinyi mlikufa. Iko pamoja yote."

Kichaka kilikuwa na maua madogo ya njano na nyekundu, yale tunayonyonya asali yake tukiwa watoto. Chini yake ardhi ilikuwa imefanya tuta. Baba alipiga magoti, akatoa kile kimfuko cheupe kilichopigwa pasi, akachota udongo kwa mkono. Bibi alisikia.

"Unafanya nini?"

"Nachukua udongo, Mama. Hapa ndipo."

"Udongo wa nani?"

"Wa hapa walipopigana."

"Nimekuuliza wa nani." Sauti yake haikupanda. "Nije nimlilie mtoto wa Mlibya miaka iliyobaki, na mwanangu yuko barabarani? Mwaga."

"Mama, ulisema ukipaona."

"Mie sioni. Mwenye macho ni huyu." Akanigeuza kwa bega. "Mjukuu wangu, umemwona Baba yako Mkubwa hapa?"

Nikasema kweli. "Hapana, Bibi."

"Basi hajafa. Turudi."

Baba aliugeuza mfuko, udongo ukaanguka, akaukung'uta mpaka ukatoka wote. Halafu akatangulia barabarani mbele yetu kwa hatua kubwa, ili tusimwone uso, lakini mabega nayo yanalia. Mimi nilifurahi. Nilimshika Bibi mkono, nikamwongoza kwenye matope, na moyoni nikawa nahesabu kwamba Mama Mkubwa amepona gereza.

Kampala hatukuwa na sababu ya kufika, isipokuwa Baba alikuwa ameniahidi kwamba nitaona makaburi ya wafalme. "Angalau mtoto aone kitu kisichokuwa kinamasi," alisema, na hayo ndiyo maneno pekee aliyosema njia nzima. Kwa hiyo tukapanda kilima cha Kasubi, Baba kanuna, Bibi kanyamaza, mimi mguu mmoja umeingiwa na msumari wa kiatu.

Sijawahi tena kuona nyumba kama ile. Ni paa tupu, paa la nyasi linaloanzia mawinguni na kushuka mpaka chini, na mlango mdogo umekatwa kwenye hayo majani. Tulivua viatu. Ndani palikuwa na giza, baridi, na ile harufu. Sakafu yote imetandikwa nyasi na mikeka. Nguzo zimevishwa kitambaa cha gome la mti, rangi ya chai ya maziwa. Mbele kulikuwa na mikuki na picha za wafalme wanne, na nyuma ya picha pazia kubwa la gome lililotoka ukuta hadi ukuta. Kijana mwenye kuongoza wageni alituonyesha mahali pa kukaa, wanawake miguu wameikunja upande mmoja, akaeleza kwa Kiswahili cha kuokoteza.

"Kabaka sisi hatusema amekufa. Kabaka hafi. Ameingia msitu. Nyuma ya pazia hiyo ni msitu, mtu hawezi kuingia."

Msitu nyuma ya pazia. Watu wasiorudi wala hawafi, wamo humo ndani. Hii ndiyo sababu hatukumwona kinamasini.

"Kuna nini?" Bibi akaninong'oneza.

"Kuna pazia, Bibi. Na kuna bibi wanakaa."

Walikuwepo kweli, wanawake watatu au wanne, wamevaa yale magauni yao marefu yenye mabega yaliyochongoka, wamekaa kwenye mikeka kimya pembeni ya pazia. Mmoja alikuwa mzee kuliko Bibi. Yule kijana akaeleza kwamba hao ni wake wa wafalme. Baba, pamoja na kununa kwake, historia ikamshinda. Akauliza inawezekanaje, kwani huyo mfalme aliondoka kabla ya huyo bibi kuzaliwa. Kijana akaeleza kwamba mke wa mfalme akifa, ukoo wake unaleta msichana mwingine kushika nafasi yake. Msichana anakuja hapa, anakuwa mke wa yule mfalme, anakaa. Akifa, analetwa mwingine. Mfalme hakosi mke.

"Huyu mzee aliletwa lini?" Bibi akauliza.

"Akiwa msichana mdogo."

Mimi sikuwa nasikiliza tena. Nilikuwa nimeanza kusogea kwa magoti juu ya zile nyasi, polepole, kuelekea kwenye pazia. Nilitaka kuita mara moja tu. Nilifika karibu nikaweza kuona nyuzi za lile gome. Nikasema, kwa sauti ya kanisani, "Baba Mkubwa. Baba Mkubwa Deo. Mama Mkubwa anakusubiri nyumbani."

Mkono ulinishika kifundo cha mguu. Ulikuwa wa yule bibi mzee. Hakunivuta kwa hasira. Alinirudisha tu kama mtu anavyorudisha kuku anayeingia sebuleni. Akasema kitu kwa Kiganda. Bibi alikwisha kufika, kapapasa mikeka mpaka akanipata, na wakajibizana, mmoja kwa Kiganda mwingine kwa Kihaya, vichwa vimeinamiana.

"Anauliza unamwita nani," Bibi akaniambia.

"Baba Mkubwa. Yumo na wafalme. Bibi, mwombe amwite, yeye anakaa hapa mlangoni."

Bibi hakutafsiri. Nikaona hajaelewa, kwa hiyo nikamsaidia. "Huyu bibi naye anamngoja mume wake, kama Mama Mkubwa. Mwulize kama huwa wanatoka."

Bibi aliuliza, kwa sauti ndogo sana. Yule mzee akajibu, akacheka kidogo, bila meno. Akamshika Bibi mikono yote miwili, akaigeuza, akaipapasa viganja kama anayetafuta kitu alichokiangusha. Bibi naye akaipapasa ya kwake. Ndipo aliponishika mkono wangu na kuubana mpaka ukauma, na hakuuachia tulipotoka, wala nilipokuwa natafuta kiatu changu kwa mkono mmoja.

"Amesema wanatoka?" nikamwuliza.

"Amesema hajawahi kumwona hata mmoja."

Baba alikuwa anafunga kamba za viatu. Bibi alimgeukia mahali aliposikia pumzi yake, akasema, "Tukifika nyumbani mkate mgomba."

Baba alitaka mazishi yafanyike Bukoba, kwenye kibanja, shamba la migomba la ukoo, penye kaburi la baba yao. Meli ilikuwa inatupitisha hapo hapo. Bibi akakataa. "Azikwe alipo mkewe," alisema. "Aone kwa macho yake kwamba tumemaliza." Basi tukarudi mpaka Gongo la Mboto. Tulipofika Mama Mkubwa alitazama mikono ya Baba, akitafuta ule mfuko. Baba akamwambia hakuna udongo, lakini Mama amekubali. Akakaa chini palepale mlangoni, mizigo yetu imemzunguka, akajifunika uso kwa kanga.

Nyuma ya bafu, yanakotiririkia maji, kulikuwa na migomba michache. Baba alikata mmoja ulio mnene. Mzee Salum wa dukani, Mwarabu wa siku nyingi pale mtaani, aliuliza sanda ni ya nani, na alipoelezwa akaipima bila kuuliza zaidi, akafunga duka, akaja mwenyewe kusimama nasi. Mjumbe naye alikuja mbio, maana uvumi ulikuwa umefika kwake kwamba nyumba ya mwalimu wanafanya uchawi. Akakuta kaburi, watu wazima wanalia, katekista anasali, na mgomba umelazwa kwa heshima zote. Akavua kofia, akakaa. Shimo lilikuwa la urefu wa mtu. Nilimwuliza Mama kama Baba Mkubwa alikuwa mrefu hivyo, naye akasema ndiyo, alikuwa mrefu.

Mama Mkubwa alilia kama watu wanavyotakiwa kulia. Bibi hakutoa chozi. Alikaa kwenye mkeka, mgongo umenyooka, akashukuru kila aliyekuja. Wanawake wa mtaa walisema pembeni, na mimi niliwasikia, kwamba mama huyu ana moyo wa chuma, mwana wa kwanza anafukiwa na yeye kimya. Baada ya siku za matanga Bibi mwenyewe ndiye aliyemnyoa Mama Mkubwa nywele, kwa kupapasa, na hakumkata hata mara moja.

Bwana Elias alileta watu wake zilipopita mvua. Bibi akawapokea. Aliitikia shikamoo. Alipoulizwa nani anasimama upande wa binti, akasema, "Mimi. Huyu nimemzaa." Na Mama Mkubwa akaondoka na sanduku lake na lile gauni la bluu, akapanda pikapu ya kubebea mbao ya mumewe, akinipungia mpaka pikapu ikakata kona. Kufikia hapo nilikuwa nimekwisha kuelewa kwamba Segerea wanaishi pia watu huru. Haikunisaidia kitu. Nilimchukia Bwana Elias, nikamchukia Baba, na usiku huo nililala na kanga aliyoiacha kwenye kamba ya nguo.

Kesho yake Mama alikuwa kazini, Baba shuleni. Bibi aliniambia nimwandalie maji ya kuoga. Nilikuwa sijawahi, hiyo ilikuwa kazi ya Mama Mkubwa. Nikampelekea ndoo, akaingiza mkono, akautoa haraka.

"Yamekuwa moto sana?"

"Yatapoa."

Nikakaa kizingitini nikisubiri yapoe. Nilikuwa na hasira, na yeye ndiye aliyekuwa karibu. "Bibi, ungekataa tu. Ungesema hajafa. Angebaki anamngoja Baba Mkubwa."

"Deo alikufa," Bibi akasema. "Nilijua siku wenzake walipopita Bukoba wakirudi kambini. Waliniamkia wote, hakuna aliyeweza kuniangalia usoni. Mzazi anajua."

"Sasa mlikuwa mnamngoja nani?"

"Mimi sikuwa namngoja mtu." Aliingiza tena mkono kwenye maji, akauacha humo. "Kila aliyeondoka kwangu hakurudi. Yule akabaki. Niliona nikimzika Deo, nampoteza na yeye. Nikamkalisha."

Halafu ikaja sauti ambayo sikuijua. Nilidhani amejichoma. Alikuwa amekunjama juu ya ndoo, mkono bado majini, na analia, kilio kirefu cha kutoka tumboni, kile ambacho wanawake wa mtaa walikaa kukisubiri siku nzima ya mazishi. Mzee Salum alikisikia kutoka dukani, akaja mpaka mlangoni, akauliza nani amefariki. Sikujua nimtajie jina gani.